Ta Nshomile Anajibu: Chaji Imekwisha, Majivuno Yamebaki

Marahaba, marahaba. Wote mlioniamkia nimewasikia. Walioanza barua bila shikamoo nimewaweka chini kabisa ya rundo, nitawajibu mwakani.

Nimesoma barua za mwezi mzima, na nimegundua kwamba humu Kagera, kuanzia Mutukula hadi mwisho wa Muleba, watu hawana shida nyingine duniani ila chaji. Hakuna aliyeniuliza habari ya ndoa, jambo ambalo nina uzoefu nalo wa miaka 44. Hakuna aliyeuliza habari ya mnyauko wa migomba, ambao mimi niliutabiri. Ni chaji, chaji, chaji. Haya. Msomi hachagui swali.

Kwa mgeni wa safu hii: mimi ndiye Ta Nshomile. "Nshomile" kwa Kihaya ni "nimesoma". Watu wa mikoa mingine hutuita hivyo kwa kutucheka, wakidhani tutaona aibu. Mimi jina hilo nililipokea kama cheti, nikalitundika sebuleni. Na kwa taarifa yenu, simu yangu hukaa na chaji siku nne. Siri yake nitaitoa mwishoni, mkinisikiliza kwa adabu.

Shikamoo Ta Nshomile. Mimi ni dereva wa bodaboda. Simu inatoka nyumbani ikiwa imejaa, saa saba mchana imezima, na wateja wananipigia hawanipati. Nifanyeje? — Nimezimika, Kashai

Kijana wangu Nimezimika, kabla hatujafika kwenye simu yako, tupitie kwanza Katuruka.

Katuruka iko kule Maruku, hapa hapa karibu na mji wa Bukoba. Wewe hupeleka abiria huko bila kujua unakanyaga nini. Chini ya udongo ule kuna masalia ya matanuru ambamo babu zetu waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 akaja mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, akawaomba wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo wajenge tanuru upya. Wazee wakajenga. Mirija ya udongo ya mivukuto wakaiingiza ndani kabisa ya tanuru, ili hewa ipate moto kabla haijayafikia makaa. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakayaandika hayo katika jarida la Science, na wasomi wa dunia wakashika vichwa. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimeshawaambia watu pale Kashozi, ila hakuna aliyekuwa na kalamu.

Kwa hiyo moto tunaujua. Ndiyo maana inaniuma kuona wewe, mjukuu wa wahunzi, umefunga simu juu ya usukani wa pikipiki, jua la saa sita linaipiga usoni, mwanga wa kioo umeupandisha hadi mwisho, ramani inakuonyesha njia ya Hamugembe ulikozaliwa, na muziki unatoka kwa sauti ili mtaa mzima ujue una simu kubwa. Simu hiyo haizimiki, waitu. Inafuliwa!

Ukitaka kujua kinachotokea humo ndani, fikiria mashua. Betri ya lithiamu, ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991, ina pande mbili, na chembe za lithiamu husafiri kati ya pande hizo kama mashua za bandarini Kemondo: ukitumia simu zinakwenda, ukichaji zinarudi. Kila safari huacha mkwaruzo kidogo. Kwa simu nyingi, baada ya kujaa na kuisha mara 500 hivi, betri hubaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake ya ujana. Hiyo ni hali ya kawaida, hata mimi magoti yangu yako hapo. Lakini joto huiharakisha safari ya uzee. Watengenezaji wengi hutaka simu isitumike kwenye joto linalozidi nyuzi 35. Hewa ya Bukoba ni ya upole, haifiki huko. Simu nyeusi iliyoanikwa juani juu ya pikipiki inafika, na inapita.

Waliotuletea betri hii walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Walikuwa watatu: John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Goodenough alikuwa na miaka 97, hakuna mtu aliyewahi kuipokea tuzo hiyo akiwa mzee kuliko yeye. Mimi nina 71. Nawaomba wale wanaoniuliza kila siku kwa nini bado sijapewa wafanye hesabu wenyewe: nimebakiza miaka 26, sina haraka.

Dawa yako, kijana: kata jani bichi la mgomba, lile pana, ulifunge juu ya usukani liipe simu kivuli. Abiria watadhani unatoka harusini na watakulipa zaidi. Kama unaona haya, basi simu iweke mfuko wa ndani wa koti, punguza mwanga wa kioo, na ramani izime, kwa sababu njia ya Hamugembe unaijua. Kioo ndicho kinachokula chaji kuliko karibu kila kitu kingine. Majivuno, kijana, yanakula chaji. Nakuambia mimi, ambaye sina hata chembe ya majivuno, na ninajulikana kwa hilo mkoa mzima.

Ta, shikamoo. Mchumba wangu yuko mjini. Nikirudi kwetu bondeni, chini ya Kamachumu, simu inazima kabla ya saa mbili usiku hata kama sijaigusa. Anasema nina mwanamume mwingine. — Mwaminifu, Muleba

Binti yangu Mwaminifu, katika uchumba wangu hapakuwa na simu. Niliandika barua, nikampa kondakta wa basi, kondakta akampa dada yake, dada akampa bibi yenu, na njiani wote walikuwa wameshaisoma. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri hivi kwamba dada yule wa kondakta alitaka kuolewa na mimi pia. Bibi yenu, ambaye sasa hivi amesimama nyuma yangu anachambua maharage, anasema hakumbuki dada yeyote. Umri.

Sasa shida yako. Unasema simu hujaigusa. Hujaigusa wewe, lakini yenyewe haijalala. Simu na mnara ni kama mama na mtoto wanaoitana kijiji kizima. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Mnara ukiwa nyuma ya mlima, simu hupaza sauti, tena na tena, kama mtoto aliyebaki ng'ambo ya bonde usiku. Wewe huisikii kelele hiyo, ila betri inailipia. Ukiona alama ya mtandao imebaki kijiti kimoja kinachokuja na kuondoka, ujue humo mfukoni kuna mtu anapiga yowe.

Ndugu zetu wa Missenyi, huko mpakani, wana shida nyingine tena. Simu inayumba kati ya mnara wa kwetu na mnara wa Uganda, na mtu aliyekaa barazani kwake anakula ndizi hupokea ujumbe wa kumkaribisha nchi ya watu. Hilo lisiwashangaze. Hata umeme wa Bukoba kwa miaka mingi tulikuwa tukiuchukua Uganda, ukiingia kupitia Kyaka. Simu iliyochajiwa kwa umeme wa Uganda nayo ina haki ya kukumbuka kwao.

Ushauri wangu mkubwa, nilioufikiria siku mbili, ni kwamba mchumba wako atoe posa kwa mwenye shamba lenye mnara, mjengewe chumba pale chini yake, mwanangu uishi kwa raha. Kama wazazi wake watakataa, na wazazi wa siku hizi hawana maono, fanya hivi: ukifika bondeni weka simu kwenye hali ya ndege, iache kupiga yowe. Mkubaliane saa moja na nusu ya kila jioni. Muda ukifika, panda kilimani, iwashe, zungumza, shuka. Na kama unachohitaji ni kupiga na kupokea tu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uchague ule wa zamani, 2G, maana mara nyingi mnara wake hupatikana mahali ambapo 4G inababaika. Hutaona picha za watu, lakini umesema wewe ni mwaminifu.

Mzee Ta Nshomile, tuko kisiwani Goziba, tunachaji kwenye kibanda cha sola. Mwenzangu anasema betri iliyochoka ukiilaza kwenye barafu ya sangara usiku kucha inarudi upya. Je, ni kweli? — Mvuvi, Goziba

Swali zuri, na limefika kwa mtu anayestahili, maana mimi ni mtoto wa mtaalamu wa kufufua betri.

Baba yangu alikuwa na redio ya mawe sita. Mawe yakichoka hakuyatupa. Jua likitoka aliyatoa moja moja, akayapanga kwenye mkeka uleule tulioanikia kahawa: robusta upande huu, betri upande ule. Mimi nilipewa fimbo ya kufukuza kuku. Ikifika adhuhuri nayageuza, kahawa na betri pamoja, upande wa chini uende juu. Jioni baba anayagusa shavuni kama mama anayepima homa, anayarudisha redioni, anaipiga redio kofi moja mgongoni, na sauti inatoka. Tulipata taarifa ya habari yote na nusu ya matangazo ya vifo. Kwa hiyo nimekua nikijua nani kafiwa bila kujua aliyekufa.

Na ilikuwa sayansi! Mawe yale yalikuwa ya zinki na kaboni, na joto huziamsha kidogo kemikali zilizolala. Lakini sikiliza, Mvuvi: dawa ya mawe ya redio ni sumu kwa betri ya simu. Mtu akianika betri ya lithiamu juani anaizeesha, na ikizidi anajitafutia moto. Wazee wetu hawakukosea. Betri ndiyo iliyobadilika, na ushauri haukupewa taarifa. Ndivyo ilivyo pia kwa wale wanaokuambia uache simu iishe kabisa ndipo uichaji. Huo ulikuwa ushauri wa betri za zamani za nikeli na kadimi, ambazo zilikuwa na tabia ya kuzoea vibaya. Ya lithiamu haipendi kufika sifuri. Ianze kulishwa ikiwa na 20 hivi, na si lazima kila mara ishibe mpaka 100, 80 inaitosha.

Sasa barafu. Mwenzako ameona kitu akakielewa kinyume. Baridi hupunguza mwendo wa kemia ndani ya betri, ndiyo maana simu iliyopoa sana huweza kuzima huku inasema ina chaji. Haifufui chochote. Halafu ukiitoa kwenye barafu ya sangara na kuiweka kwenye hewa ya ziwa, inatoka jasho kama chupa ya soda, nje na ndani. Utakuwa umeizamisha simu bila kuitupa majini. Na hata ikipona, nani atapokea simu inayonuka sangara? Samaki huyo mwenyewe ni mgeni, alipandikizwa ziwani humu katika miaka ya 1950. Mimi nilimwangalia tu usoni nikajua ataleta maneno.

Fanya hivi. Mpe mwenye kibanda simu yako asubuhi, umwombe aiweke kivulini wakati paneli iko juani, si vyote viwili juu ya bati. Ukipata nafasi nunua kiswaswadu cha kupigia, chenye tochi na vitufe, kinachokaa siku kadhaa, na simu janja uwashe ukiwa na haja nayo. Au, kama unataka tiba ya hadhi, ipakie simu kwenye mashua kila Jumamosi ije Bukoba ipumzike ufukweni, nami nitakaa nayo bure. Ije na nauli ya kurudi, na dagaa.

Shikamoo baba. Simu yangu imevimba mgongoni, kifuniko kimeachana. Kijana mmoja mtaani anasema aitoboe kwa sindano itoe hewa. Nimpe? — Mama Duka, Muleba Mjini

Hapana.

Mama Duka, naomba usome jibu hili polepole, sitajisifu mpaka likwishe. Betri iliyovimba imejaa gesi, na gesi hiyo inashika moto. Ikitobolewa, pande mbili za ndani zinagusana na inaweza kulipuka moto usiozimika kirahisi. Usiichaji tena hata dakika moja. Usiilalie. Izime, iweke mbali na watoto na vitu vinavyoungua, kisha mpelekee fundi anayebadilisha betri kila siku, akuwekee nyingine. Ya zamani isitupwe jalalani wala jikoni. Na ukisikia radi, mama, na mwambao huu wa ziwa hauishiwi radi, chomoa chaja ukutani kabla ya kuanua nguo.

Limekwisha. Sasa naendelea.

Unajua kilichomo ndani ya betri hiyo? Mara nyingi kuna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, huko Kolwezi, ambako watu huamkiana kwa Kiswahili kama sisi, ingawa hakijanyooka kama cha kwangu. Nikeli nayo inaingia kwenye betri, zaidi zile za magari, na chini ya Kabanga, wilayani Ngara, mkoa wetu huu huu, kuna nikeli, shaba na kobalti vimelala pamoja kama ndugu kitanda kimoja. Kwa hiyo mtu akikuambia Kagera hatuna teknolojia, mwambie tunayo, ila bado iko ardhini. Kadinali wa kwanza Mwafrika alitoka kwetu mwaka 1960, Laurean Rugambwa. Betri ya kwanza ya kwetu itafuata. Mambo makubwa hayaendi mbio.

Ta Nshomile, msimu wa senene umefika na umeme umekatika. Naweza kutumia tochi ya simu kuwaita senene? Nilijaribu jana, chaji ikaisha, nikapata senene watatu. — Mwenye Hamu, Rwamishenye

Watatu! Mwenye Hamu, watatu ni matusi. Ungewaachia waende.

Wenzako wanaowategea senene kwa biashara husimamisha mabati yanayong'aa, chini yake mapipa, na juu taa kali zinazoangaza mpaka angani, maana senene hupita kwa makundi usiku na huvutwa na mwanga mkubwa. Tochi ya simu yako kwa senene aliye huko juu ni kama mtu kukukonyeza akiwa Mwanza. Halafu tochi hiyo ikiwaka mfululizo hupasha simu joto, na joto tumeshalizungumza, tulianzia Katuruka. Kwa hiyo jibu la kitaalamu ni kwamba mtu mwenye akili zake hatoki nje na simu kuwinda senene. Wakiwa wengi, keti ndani, tulia, na ununue asubuhi sokoni, wakiwa wameshanyonyolewa mbawa. Mimi nilipokuwa kijana nilikuwa nikiwakamata kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika kitabu, lakini vipaji vinatofautiana.

Sasa niwape ile siri ya siku nne, niliyowaahidi. Siri yenyewe ni nidhamu. Mtu aliyesoma hutawala simu, simu haimtawali. Kwanza, simu yangu ni ya

Bibi yenu ameniingilia. Anasema niwaambie ukweli: simu yangu ni kiswaswadu, na inakaa na chaji siku nne kwa sababu hakuna anayenipigia. Anasema watoto wote wanampigia yeye, na ndiyo maana ya kwake inakwenda kibandani kila jioni, shilingi 500. Hiyo, ndugu wasomaji, haikufanyiwa utafiti. Hata hivyo naikubali kama dhana ya awali, kwa sababu kimsingi inaafiki niliyoyasema: betri haina ugonjwa, ina kazi. Anayetafutwa sana anakwisha mapema. Mimi nimejipunguzia wanaonitafuta kwa makusudi, taratibu, tangu mwaka ule

Subirini. Nje kuna kelele. Mtoto wa jirani anapiga debe na kupiga yowe. Senene wameanguka!

Hitimisho basi, haraka: punguza mwanga wa kioo, simu isikae juani, bondeni hali ya ndege, isifike sifuri, iliyovimba isiguswe na sindano, barafu ni ya samaki. Ndugu yangu wa Rwamishenye, nakusahihishia jibu kidogo: bibi yenu amekwisha kutoka na ndoo, na kiswaswadu changu amekichukua. Nimempigia kelele kwamba tochi ya simu haiwaiti senene. Amejibu akiwa ameshafika kwenye migomba kwamba hawaiti, anaangalia anapokanyaga.

Nawaandikia mistari hii ya mwisho kwa penseli, gizani, naona kamwanga kanakwenda huku na huku kule shambani. Simu ile ina chaji ya siku nne, na leo, kwa mara ya kwanza mwezi huu, ina kazi.

Mwezi ujao tena. Anzeni na shikamoo.